Kubonyeza Si Kuzima

Mhariri wa gazeti letu amenitaka niandike habari za likizo yangu ya Desemba. Najua wenzangu wengi wataandika habari za harusi, za safari za pwani na za mechi za mpira. Mimi sina harusi wala safari ya kueleza. Nina habari ya swichi moja ndogo isiyo na waya, ambayo niliifunga kwa mikono yangu mwenyewe katika gari la mjomba wangu, na hasara iliyotokea kwa sababu yake. Si habari ya kujisifu. Lakini mwalimu wetu wa fizikia alipoisikia aliniambia kwamba kosa likielezwa huwafaa watu wengi, na likifichwa halimfai hata mwenye nalo. Basi nimekubali kulitoa la kwangu.

Mjomba wangu anakaa katika milima ya Lushoto, kando ya bonde linalolimwa nyanya, kabichi na karoti. Ana pikapu kuukuu, nayo ndiyo shamba lake. Kazi yake ni kuchukua mazao ya majirani kutoka bondeni na kuyafikisha barabara kuu, mahali ambapo lori hupita alfajiri likiteremka Mombo kwenda Dar es Salaam. Lori hilo halimngoji mtu, kwa sababu lenyewe linakimbilia soko. Nyanya nazo hazingoji, kwa kuwa tenga la nyanya likikaa siku moja zaidi, zile za chini huanza kutoa maji.

Kwa hiyo watu hupakia jioni mpaka usiku. Mjomba alikuwa amefunga taa nne nyuma ya pikapu, juu ya vyuma vya kushikia turubai, ili wapakiaji waone. Swichi yake ilikuwa mbele karibu na usukani. Kila alipotaka kuwasha au kuzima ilimbidi aache tenga, azunguke gari, afungue mlango na kuingia nusu mwili. Nilipoona hayo nikamwambia, "Mjomba, mimi nitakufungia swichi ya rimoti. Utawasha na kuzima ukiwa popote shambani."

Mjomba akanitazama akacheka. "Unaweza, mwanangu?"

"Naweza, mjomba. Tumesoma umeme."

Naam, tulikuwa tumesoma. Katika mtihani wa muhula sehemu ya umeme nilipata alama nzuri sana, na alama zile nilikuwa nazo kichwani kama kofia. Nikachukua akiba yangu ndogo, nikaenda duka la vipuri, nikanunua kisanduku kisichozidi kiberiti viwili kwa ukubwa, pamoja na rimoti yake yenye vitufe viwili na betri ndogo ndani.

Kwanza nitaeleza jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi, kwa maana si uchawi. Ukibonyeza kitufe, rimoti hutoa mawimbi ya redio, na aina niliyonunua hutumia mawimbi ya megahezi 433, yaani yanayotikisika mara milioni 433 kwa kila sekunde. Mawimbi hayo hubeba namba ya siri. Katika gari kuna kipokezi, ambacho husikiliza mchana na usiku, na kikisikia namba iliyo yake hupeleka umeme kidogo katika rilei. Rilei ni koili ya waya mwembamba yenye chuma katikati. Umeme ukipita, chuma huwa sumaku, sumaku huvuta kipande cha bati, na kipande hicho hugusana na kingine na kufungua njia ya umeme wa taa. Umeme ukikatika, springi hukirudisha kipande mahali pake, na taa huzimika. Jambo hili la umeme mdogo kuamuru umeme mkubwa ni la zamani. Joseph Henry wa Marekani alikwisha kulifanya mwaka 1835.

Hata kuamuru kwa mbali pasipo waya si jambo la jana. Mwaka 1898, katika jumba la Madison Square Garden mjini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo iliyokwenda katika bwawa bila mtu wala kamba, naye akiigeuza huku na huku kwa mawimbi ya redio. Watu walistaajabu. Lakini ndani ya mashua ile mlikuwa na betri. Mawimbi hayakuisukuma, yalileta amri tu, na kazi ilifanywa na betri. Hali ni hiyo hiyo katika pikapu ya mjomba. Rimoti hutoa amri, betri ya gari hutoa nguvu, na rilei iko katikati, nayo ndiyo inayobeba mzigo wote. Laiti ningalifikiri habari ya mzigo huo!

Nilifunga kipokezi chini ya boneti kwa muda wa saa moja tu. Nilichukua waya mwembamba niliokuta katika kopo la mjomba, nikauunga moja kwa moja na ncha chanya ya betri, nikazungushia utepe mweusi. Karatasi ya maelezo ilisema niweke fyuzi. Sikuwa nayo, na kurudi dukani niliona uvivu, basi nikaacha. Juu ya kisanduku paliandikwa volti 12, ampea 10. Volti 12 nilizisoma, kwa kuwa betri ya gari ni volti 12. Ampea 10 nazo nilizisoma, nikapita.

Jioni ile nikabonyeza, taa zote nne zikawaka pwaa! Wapakiaji wakapiga makofi. Mjomba akaichukua rimoti, akaenda mpaka kwenye mgomba wa mbali, akabonyeza, zikazima. Akasema, "Elimu ni kitu kikubwa." Nami nikavimba.

Siku tatu mambo yakaenda vizuri. Siku ya nne watoto wa majirani walikuja kuona ajabu ile, wakaniomba niwashe na kuzima. Nikawasha na kuzima, nikawasha na kuzima, yapata mara ishirini, kwa sababu kusifiwa ni kutamu. Sikujua kwamba waya mwembamba ulio ndani ya taa ya halojeni, ukiwa baridi, hunywa umeme mara kadhaa zaidi kuliko ukiwa moto. Kwa hiyo kila nilipowasha, vile vipande viwili vya rilei vilipigwa na cheche kubwa kuliko ya taa inayowaka kwa utulivu.

Usiku huo tulimaliza kupakia saa mbili. Mvua ya vuli ikaanza kunyesha. Tukafunika turubai mbio mbio, tukapanda mlimani kwenda nyumbani kula na kulala kidogo, ili tuamke saa tisa usiku na kuwahi lori. Gari lilibaki chini karibu na shamba, nyuma ya migomba, kama mita 40 kutoka barazani. Taa zilikuwa bado zinawaka tulipoondoka, kwa kuwa zilitumulikia njia ya kupandia. Nilipofika barazani, pakavu, nikatoa rimoti mfukoni nikabonyeza. Kitaa chekundu cha rimoti kikawaka.

Mjomba akauliza kutoka ndani, "Umezima taa?"

Nikajibu, "Nimezima, mjomba."

Kutoka barazani migomba ilinizuia kuona. Sikushuka kutazama, kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha, na mimi sikununua rimoti ili nitembee. Nikala, nikalala.

Saa tisa tukashuka. Kabla ya kufika nikaona nyuma ya migomba mwanga mwekundu hafifu, kama kaa la moto linalokufa. Moyo ukanipasuka. Taa zote nne zilikuwa bado zinawaka, lakini ziko ukingoni. Nikabonyeza rimoti mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hazikuzima. Mjomba akaingia garini, akageuza ufunguo. Gari likasema "tak", basi. Akageuza tena. Mara hii halikusema hata hivyo. Kusukuma kulikuwa hakuwezekani, maana pikapu ilikuwa imejaa matenga na ilikuwa imeelekezwa mlimani kwenye tope.

Tukasimama kimya mvuani. Yapata saa kumi na nusu tukasikia ng'ambo ya bonde mlio wa lori likibadilisha gia kuteremka. Hakuna aliyesema neno.

Wasomaji, mzigo ule haukuwa wa mjomba peke yake. Mama mmoja mjane, jirani yetu, alikuwa na matenga sita. Fedha zake alikuwa amezipangia kununua sare na madaftari ya mwanawe, aliyekuwa aingie kidato cha kwanza Januari. Asubuhi alikuja kuuliza nyanya zimeuzwaje. Alipoziona bado ziko garini alishika shavu, akasema, "Ni mapenzi ya Mungu," akaondoka. Maneno yale yaliniuma kuliko kama angenitukana, kwa sababu nilijua kwamba hayakuwa mapenzi ya Mungu. Yalikuwa mapenzi yangu ya kutolowana. Nyanya ziliondoka na lori la alfajiri iliyofuata, nyingi zikiwa zimelainika, na bei iliyopatikana ilikuwa ya kusikitisha.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo naona haya zaidi kulieleza. Mjomba hakunishuku. Alisema, "Betri imezeeka hii." Akatoa mkebe wake wa fedha, akaanza kuhesabu za kununua betri mpya. Mimi nilikuwa nimekwisha kufungua boneti na kukigusa kile kisanduku. Kilikuwa kinanuka kuungua, na ubavu wake mmoja umeyeyuka. Ule waya mwembamba gamba lake lilikuwa limelainika, likashikamana na bati la gari. Nilijua kwa yakini. Lakini nikanyamaza. Nikajiambia, betri ni kuukuu kweli. Huenda kosa si langu. Nilinyamaza tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na kila sarafu iliyotoka katika mkebe ilinigonga kifuani.

Adhuhuri nikashindwa. Nikamwambia, "Mjomba, usinunue betri. Kosa ni langu. Swichi imeungua, na mimi sikuweka fyuzi. Jana usiku nilikwambia nimezima, nami sikuona kama zimezimika. Nilibonyeza tu."

Nilingoja kofi. Mjomba akafunika mkebe. Akasema polepole, "Mwanangu, hukuniambia uongo. Lakini uliniambia jambo ambalo hukuliona. Siku nyingine sema, 'Nimebonyeza.' Hapo mimi mwenyewe nitashuka kutazama."

Tukaibeba betri na kisanduku mpaka kwa fundi wa umeme wa magari. Betri aliitia chaji, ikaonekana ni nzima. Kisanduku alikipasua kwa bisibisi, akanionyesha vile vipande viwili vya rilei. Vilikuwa vimeshikana kama vilivyochomelewa, na springi haikuwa na nguvu ya kuvitenganisha. Ndiyo sababu kipokezi kilisikia amri ya kuzima, koili ikaachia, lakini taa zikaendelea kuwaka.

Fundi akaniuliza, "Kijana, shuleni mnasoma wati na ampea?"

"Tunasoma."

"Taa zako kila moja wati ngapi?"

"Hamsini na tano."

"Ziko nne. Basi piga hesabu." Akanipa msumari, akanionyesha mchanga.

Nikachuchumaa nikaandika: 55 mara 4 ni 220. Wati 220 gawanya kwa volti 12, zinapatikana ampea 18 na zaidi kidogo. Kisanduku changu kiliandikwa ampea 10. Hesabu ile ile, karibu kwa namba zile zile, niliifanya katika mtihani na nikawekewa alama ya vyema. Karatasini nilijua. Chini ya boneti, mahali ambapo hesabu hiyo ina kazi, sikuikumbuka hata kidogo.

Fundi akaendelea. Akaniambia, "Betri ya ampea-saa 60 ikitoa ampea 18, itadumu saa ngapi?" Nikagawanya: saa tatu na robo hivi. Sisi tuliliacha gari kwa saa saba. Kisha akauliza, "Fyuzi iko wapi?" Nikatazama chini. Akasema, "Fyuzi ya ampea 10 ingekatika siku ya kwanza ulipowasha, nawe ungeuliza kwa nini. Fyuzi ni mwalimu wa bei ndogo. Na ushukuru Mungu kwamba waya huu uliishia kulainika. Ungewaka moto chini ya boneti, mjomba wako angekosa gari, si nyanya tu."

Alitufungia upya, nami nikimshikia vyombo. Kipokezi kipya hakibebi mzigo wa taa tena. Kinaamuru rilei kubwa ya gari ya ampea 40, na hiyo ndiyo inayobeba taa. Waya ni mnene, wa milimita mraba 4. Fyuzi ya ampea 25 imewekwa karibu kabisa na betri, kwa maana kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi, na kinatakiwa kiwe kifupi. Kipokezi nacho hunywa umeme kidogo hata kisipofanya kazi, kwa sababu kinasikiliza daima. Kikinywa miliampea 10, kwa siku moja ni ampea-saa 0.24, na kwa mwezi hupita 7. Kwa gari linalolala muda mrefu si kidogo, kwa hiyo fundi aliweka swichi ya mkono ya kukata umeme wa kipokezi. Antena yake, waya wa sentimita 17 hivi, aliitoa nje ya boneti, kwa kuwa mawimbi hayapiti katika bati. Tena aligeuza mpango wa vitufe. Mimi nilikuwa nimeweka kitufe kimoja kiwashe na hicho hicho kizime, hivyo mtu akiwa mbali hawezi kujua amefanya lipi. Sasa kitufe kimoja ni cha kuwasha tu, na cha pili ni cha kuzima tu.

Jambo la mwisho nililiomba mimi. Nilimwomba fundi aweke kitaa kidogo cha kijani juu kabisa ya vyuma vya turubai, kinachochukua umeme wake baada ya rilei kubwa, pamoja na taa zenyewe. Taa zikiwaka nacho kinawaka, zikizimika nacho kinazimika, na kutoka barazani kinaonekana juu ya migomba. Kile kitaa chekundu cha rimoti, ambacho nilikiamini usiku ule, hakikujua habari yoyote ya gari. Kilisema tu kwamba rimoti imetoa sauti. Hakikusema kwamba kuna aliyesikia, wala kwamba aliyesikia ametii.

Fedha za mama mjane mjomba alimlipa kwa bei ya siku ya kwanza, akazitoa katika ule mkebe. Mimi nilizirudisha kwa kubeba matenga mpaka likizo ilipokwisha, bila ujira. Mtoto wake sasa yuko kidato cha kwanza, na nilipoondoka alikuwa amekwisha kushonewa sare.

Wenzangu, swichi hizi zinauzwa kila mahali, nazo ni nzuri. Wengine huzitumia kwa taa, wengine kwa pampu ndogo, wengine kwa winchi. Ukitaka kufunga moja, fanya mambo matatu kabla ya kushika bisibisi: jumlisha wati, gawanya kwa volti, ulinganishe na ampea zilizoandikwa. Kwanza nunua fyuzi, ndipo ununue rimoti. Na kitu kinachoweza kumkata mtu kidole, kama winchi, usikiamuru kamwe usipokiona kwa macho yako.

Kwa wazazi wetu nasema hivi: mtoto wenu akiwaambia "Tumesoma," msimzuie kujaribu, lakini mwulizeni hesabu iko wapi. Kile kisanduku kilichoyeyuka nimekileta shuleni, na kipo katika kabati la maabara kwa anayetaka kukiona. Na tangu siku ile, mwalimu wa zamu akiniuliza kama nimefunga madirisha ya bweni, huwa sijibu nikiwa kitandani. Huondoka kwanza nikatazama.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne